Siku Mama Mkwe Alipokwama Kwenye Gari la Kifahari

Nusura mama mkwe wangu auzwe pamoja na gari.

Sitanii. Mteja aliuliza kabisa, "Na huyu mama naye yumo kwenye bei?"

Ngoja nianzie mwanzo.

Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ni muuguzi. Tulijinyima miaka mitano tununue gari letu la kwanza, la mtumba. Siku ilipofika tukashindwa kuelewana.

Mimi nilitaka la kifahari. Jeusi, refu, viti vya ngozi, mlango ukifungwa unasema "tup" kama wa benki.

Yeye alitaka kigari kifupi kilichoinuka juu ya magurudumu makubwa.

"Hilo lako likifika kwenye mashimo ya mtaa huu litaacha tumbo hapo," alisema.

"Na hicho chako kimekaa kama mkate."

"Mkate unaopita kwenye mashimo."

Wiki nzima tukawa tunazungumza kupitia kwa mama yake, aliyekuwa kwetu akitibiwa mgongo. Mwishowe tukakubaliana aamue yeye.

Jumamosi asubuhi dalali na mwenzake wakaleta magari yote mawili.

Mama akaanza na kigari. Akapanda, akashuka, hata mlango hakuushika.

"Zuri," akasema. "Kama kukaa kwenye kiti cha jikoni."

Mke wangu akanikonyeza.

Kisha mama akaingia kiti cha nyuma cha lile jeusi. Akazama mpaka kikabaki kilemba. Dalali akamwonyesha vitufe, akaacha injini ikiwaka ili tusikie ilivyo kimya.

Dakika ishirini zikapita.

"Mama, unaonaje?"

"Mwanangu, nimekwama."

Jamani, huyu ni mkwe wangu. Hata kumsalimia huwa nainamisha kichwa. Nimshike wapi? Nikavuta mkoba wake. Mkoba ukatoka, yeye akabaki.

Dalali akashika mkono mmoja, mke wangu mwingine. Mama akanyanyuka kidogo, halafu akarudi, pwaa.

"Umeona?" mke wangu akaniambia. "Gari lako linameza watu."

Nikasalimu amri. Tukachukua kigari.

Shida ni kwamba dalali alikuwa na mteja mwingine anayelisubiri lile jeusi.

"Nendeni tu," mama akasema kwa upole. "Msimcheleweshe mtu wa watu kwa ajili yangu."

Dalali na mwenzake wakaondoka naye mpaka nyumbani kwa huyo mteja. Sisi tukafuata nyuma na kigari chetu kipya, aibu imetujaa.

Mteja alikuwa mstaafu mmoja nadhifu. Alifungua mlango wa nyuma, akakutana na mama mkwe. Ndipo akauliza lile swali la bei.

"Mimi nimekwama tu, baba," mama akamjibu. "Wewe kagua."

Mstaafu akaketi mbele, akafikiri kidogo, akatoka mbio. Akasema hanunui gari lisilorudisha watu. Ilibaki kidogo dalali alie.

Mstaafu alipoingia ndani kwake, mama akafungua mlango mwenyewe, akashuka kama msichana, akamfuata kuomba kwenda msalani. Akarudi. Akaingia garini tena.

"Mama," mke wangu akasema, "si ulikuwa umekwama?"

"Nimekwama tena."

Nikaingiza kichwa. Kiti kilikuwa kinavuma. Kilikuwa kinamkanda mgongo, taratibu, kikipanda na kushuka.

"Miaka mitatu sijakaa bila maumivu," akasema bila kunitazama. "Nilijua nikitoka tu, mtalirudisha."

Mke wangu alikuwa ameshavuta pumzi ya kufoka. Akaishusha. Akazunguka upande wa pili, akaketi kando ya mama yake, akabonyeza kitufe cha kiti chake.

Ikabidi niwasubiri wote wawili.

Jumatatu mama akalinunua mwenyewe, kwa akiba ambayo hata bintiye hakuijua. Kuendesha hajui. Dereva ni mimi.

Kwa hiyo gari la ndoto zangu niko nalo kila Jumapili. Ila viti vinavyokanda viko nyuma, na mbele niko peke yangu.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujamvuta mtu aliyekwama, muulize kwanza kama anataka kutoka.