Swali Nililomjibia Mzee

Kazi yangu ni kupima mikono inayotetemeka. Nikisema hivyo harusini watu hucheka, halafu taratibu wanashusha mikono yao chini ya meza. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa kwenye utafiti katika hospitali moja ya hapa Moshi. Chumba changu kina meza, viti vitatu na kifaa kidogo kinachofungwa mkononi kama saa, ambacho huhesabu kila mtikisiko. Mgonjwa ananyoosha mikono, anagusa pua, anamimina maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine. Mwisho anachora mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama gamba la konokono. Mkono uliotulia unachora konokono. Mkono mgonjwa unachora meno ya msumeno.

Kabla ya hayo yote kuna fomu ya maswali: umri, dawa, magonjwa ya ukoo. Swali la tisa linauliza kama mtu amekunywa kileo chochote tangu jana, na la kumi kama kileo humtuliza mikono. Vijana nawauliza huku nikiwatania, nao wananijibu kwa kicheko. Wazee ndio walionishinda, na aliyenishinda kupita wote ni mmoja.

Alikuja na mkewe kutoka Machame, saa tatu asubuhi, kavaa koti la Jumapili. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Nimekuja mnipe karatasi."

"Karatasi ya nini, baba?"

Akaeleza bila kuzunguka. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na wakati wa meza ya Bwana yeye ndiye aliyebeba sinia la vikombe vidogo vya divai. Mikono ilianza kumtetemeka, ikazidi, hadi Jumapili moja divai ikamwagika kwenye kitambaa cheupe cha madhabahu. Usharika ukaanza kunong'ona kwamba mzee amerudia pombe, aliyokuwa ameiacha tangu achaguliwe. Baba yake naye alitetemeka hivyo hivyo uzeeni, wakamwita mlevi mpaka wakamzika. Sasa baraza la wazee lilikuwa limempa muda hadi siku ya kipaimara. Akileta neno la daktari kwamba ni ugonjwa, atabaki. Asipoleta, ampishe mwingine. Na mwaka ule mjukuu wake wa kwanza alikuwa anapata kipaimara, naye alitaka kumpa kikombe chake cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni hicho tu," alisema. "Mengine Mungu anayajua."

Akasaini fomu ya kukubali kupimwa, kwa mwandiko mzuri wa watu waliochapwa viboko kwa ajili ya mwandiko. Nikainama kumfunga kifaa, nikasikia harufu ya mbege, pombe ya kwetu.

Aliyekulia kihambani, kwenye migomba ya ukoo, haikosei harufu ile ya ndizi na ulezi. Haikuwa kali, lakini ilikuwepo. Nilitakiwa nimuulize kama nilivyofundishwa, na akikubali nimpangie siku nyingine. Badala yake nilimtazama mkewe, nikalitazama lile koti, nikamkumbuka baba yangu mzazi, ambaye mpaka anafariki sikuwahi kumuuliza hata anatoka wapi. Huku kwetu mtoto hamuulizi mzee kama amekunywa hata wakiwa wawili tu, sembuse mbele ya mkewe, sembuse mzee wa kanisa aliyekuja kujisafisha kwa jambo hilo hilo. Nikaona aibu kwa niaba yake. Na nikiri jingine: moyoni nilisema, kumbe watu wa usharika hawakumsingizia. Basi nikaweka alama ya "hapana" kwenye swali la tisa, na "hapana" kwenye la kumi, bila kufungua mdomo. Nikajiona nina adabu sana.

Mikono yake ilitulia. Akamimina maji asimwage hata tone, akachora konokono ambaye ungeweza kumtundika ukutani. Mkewe alikuwa anatabasamu muda wote, na mimi nikatabasamu naye, mpumbavu mimi.

Baada ya wiki mbili barua yake ikawa tayari. Ilisema kwamba siku ya kipimo hakuonekana na mtetemeko wa kumwezesha kuingia kwenye utafiti. Mimi ndiye niliyeichapa. Nilijua inakwenda wapi na itasomwa na nani. Niliichapa, nikampelekea daktari asaini, nikaenda kula.

Miezi ikapita, na kipaimara kikapita. Siku moja daktari wetu alikuwa anawafundisha wauguzi wapya, nami nimesimama mlangoni na mafaili.

"Swali la kumi msiliruke kamwe," aliwaambia. "Kuna ugonjwa wa kutetemeka unaotembea kwenye ukoo, baba kwa mtoto. Pombe kidogo huutuliza kwa saa chache, kisha unarudi. Mgonjwa akikujibu ndiyo, hapo ameshakupa nusu ya jibu."

Miaka yote nilidhani swali lile ni la kuwanasa walevi. Ile harufu niliyomfichia mzee ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Nusu ya jibu aliyoitaja daktari ilikuwa imekuja yenyewe, kutoka Machame mpaka puani mwangu, na mimi nikaizima kwa kalamu. Wauguzi wapya walipotoka nilimweleza daktari kila kitu. Akavua miwani, akasema, "Mrudishe." Afadhali angenigombeza.

Jumamosi nikapanda Machame. Niliwakuta barazani, mama akichambua maharage, mzee amekaa tu. Walinipokea kana kwamba nimewaletea posa. Mama akainuka kuchemsha kahawa, na mzee akanisimulia habari za barua bila hata kuulizwa. Aliifikisha kwenye baraza la wazee ikiwa imefungwa bado, ili wasije wakasema ameichezea. Mchungaji akaifungua na kuisoma mbele ya wote. Siku ya kipaimara mzee alikaa benchi la nyuma, na mjukuu wake akapewa kikombe na mtu mwingine.

"Mashine haikuona kitu," alisema. "Sasa mimi nibishane na mashine?"

Hapo nikasema. Nilimweleza harufu, maswali mawili, alama zangu mbili, na yale niliyoyasikia kwa daktari. Nilisema huku nimetazama chini.

"Kwa nini hukuniuliza?" aliuliza mzee.

"Niliogopa kukuvunjia heshima, baba."

"Ningekujibu ndiyo. Mimi nimesingiziwa ulevi, mwanangu, lakini hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Uongo ule kwenye karatasi ni wako, na umeandikwa chini ya jina langu."

Nililia, na ninaona haya kusema kwamba ndani ya kilio kile kulikuwa na nafuu, kwa sababu nilikuwa nimeshayatoa. Ndipo nikamwona mama. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Nusu kikombe tu. Kule benki ya Bomang'ombe makarani walimcheka aliposhindwa kusaini, na mimi nilikuwepo. Sikutaka achekwe tena na madaktari. Nilijua inamtuliza. Nilidhani mashine inaona mpaka ndani."

"Hapana, mama, kosa ni langu," nikasema haraka.

Hakunisikia. Aliliweka birika chini, akarudi ndani, na kahawa hatukuinywa. Nilikuwa nimepanda mlimani kutua mzigo wangu, nikamtwisha mama wa watu ambaye hakuwa na habari kwamba upo.

Wiki iliyofuata mzee alishuka bila kuonja kitu. Mikono yake ilipiga meza hadi kikombe kikaanguka. Ugonjwa ukapewa jina, vidonge vikaandikwa, karatasi ikatoka. Baraza la wazee lilimwomba radhi kwa heshima zote, lakini sinia lilikuwa limeshapata mbebaji, na mjukuu hapati kipaimara mara mbili. Mzee alinisamehe. Alinitamkia hivyo mbele ya mkewe, na ninamwamini.

Ila mama hunipigia simu. Hupiga kama mara moja kwa mwezi, hunisalimia, huniuliza watoto, hunieleza ng'ombe amezaa au mvua imechelewa. Kisha husema, "Mwanangu, niambie kweli. Nisingempa ile mbege, angepata karatasi safari ile ya kwanza?"

Nami humwambia kwamba kosa ni langu, ni mimi ambaye sikuuliza.

"Hilo unaniambia kila siku," husema. "Mimi nimekuuliza jingine."

Jibu ni ndiyo, angeipata. Mara ya mwisho kunipigia ilikuwa juzi, na nilimwambia kuna mgonjwa ananisubiri.