Nati Niliyoipaka Rangi

Enzi zetu pale Yoba, mjini Gitega, gari lilihesabiwa miongoni mwa ndugu. Pikapu ya Baba ilinizidi umri, ikibeba maharage ya Makebuko na ndizi za Bugendana. Ikikohoa asubuhi, Mama aliiambia "pole" kutoka jikoni.

Dada yangu Zaina alipoposwa, ikaamuliwa ndoa ifungwe kwa Babu, Muyinga, asubuhi na mapema. Ilibidi tuondoke kabla ya alfajiri, na ukungu wa vilima vyetu mnaujua: bila taa kubwa huoni hata boneti yako. Baba akasema binti yake hapandi gari lenye kutu. Tukapewa rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya nyumba, tukaanza kupaka, na kupakana pia. Mimi nilipewa ndani ya boneti kwa sababu ya vidole vyangu vidogo. Mama alikuwa ametulea kwa neno moja, kwamba kazi ya nusu ni aibu nzima. Basi nilipokuta nati iliyoshika waya mweusi, nikaifungua, nikapaka hadi chini yake, ilipokauka nikairudisha. Nilijiona fundi wa mafundi!

Siku moja kabla ya safari, alasiri, Baba akawasha taa. Zikafifia kama macho ya mgonjwa, na indiketa, ambayo hakuna aliyeiita, ikaitika.

Siku zile kutengeneza gari kulikuwa kazi ya nyumba nzima. Baba aliinama kwenye boneti, Mama akawa anampa vyombo, mimi nikasimama nikitazama ukuta uliokuwa mbele ya taa. Kwenye swichi alikaa Zaina mwenyewe, hina mbichi mikononi, akiibonyeza kwa kiwiko. Mwanga ukionekana nilitakiwa kupiga kelele "Iko inawaka!" na aliye kwenye swichi aulize, "Ya kushoto ao ya kuume?"

Baba akabadilisha ampule, zile balbu za taa. Akabadilisha fizibo, fyuzi zake. Ukuta ukabaki ukuta.

"Baba Zaina, we ita fundi tu," Mama akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Niliona kama ananitazama mimi.

"Fundi gani tena? Hii gari mi naijua. Bon, nitatoa waya zote nianze upya."

Akashika koleo. Zaina akaanza kulia, na kwa ajili ya ile hina hakuweza hata kujifuta machozi. Hata mimi nilijua kwamba waya zote zikitoka, Muyinga hatufiki. Lakini kiboko cha Baba kilikuwa karibu kuliko Muyinga.

"Baba," nikasema, "mi nilipaka rangi chini ya ile nati ya waya mweusi."

Akaliweka koleo chini. Waya ule ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri, na lazima ushike chuma kitupu. Akaomba kisu cha jikoni, akakwangua rangi yangu nzuri yote, akakaza nati.

Ukuta ukajaa mwanga.

"Iko inawaka!"

"Ya kushoto ao ya kuume?" Zaina akauliza, akivuta makamasi.

"Zote mbili!"

Baba akanishika kichwa. "We mtoto, umepaka vizuri mpaka umeme imekosa mulango. Siku nyingine uachie Mungu na yeye kasehemu." Akacheka, nami nikapumua. Tuliimba mpaka Muyinga, na gauni langu la siku ile bado lina doa la kijani.

Sasa Baba ametangulia mbele ya haki. Mwanangu Idi ana pikapu yake, na mwezi uliopita taa zilimgomea. Siku tatu alikuwa ameinamia simu, peke yake uani, akiiuliza simu habari za gari lililo mbele yake. Vijana wa leo wanajua kila kitu isipokuwa kuita watu. Nikachukua kisu.

"Mama, acha, utaharibu!"

Nati ilikuwa imejaa kutu. Nikaikwangua, nikaikaza, Idi akawasha, na ukuta uleule wa Yoba ukang'aa. Nikapiga kelele kwa mazoea. Idi akanitazama tu, hakujua anatakiwa kujibu nini. Hapo nikamkumbuka Baba, nikawakumbuka wote.

Nikampigia simu Zaina, bibi mwenye wajukuu sasa, huko Muyinga. Sikumsalimia.

"Iko inawaka!" nikasema.

Hakuchelewa hata kidogo.

"Ya kushoto ao ya kuume?"