Antena Niliyoijaribu Kigongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitoka Nyakato chai ikiwa bado jikoni, nikaelekea kivukoni Kigongo, kando ya ziwa, na pikapu ya kazini. Juu ya paa nilikuwa nimebandika antena ya bei nafuu, yenye kitako cha sumaku, niliyoinunua jana yake. Nilikuwa nimepata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaoongea hewani kwa mapenzi tu, na mwili mzima uliniwasha kuijaribu.

Redio yenyewe haikuwa yangu. Aliniazima Bibi Nyangeta wa Nansio, kule kisiwani, mjane aliyekuwa zamani opereta wa redio kolu, ile ya kuitana na meli, bandarini. Ndiye aliyenifundisha.

"Antena mpya hupimwa," aliniambia. "Fimbo yake inakatwa kidogo kidogo hadi iendane na masafa. Jumamosi nitakuja na kipimo. Kwa sasa sikiliza tu, usiongee."

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mimi nilikuwa nayasikia maneno hayo kama mvua ya mtaa wa pili.

Pale Kigongo nikabonyeza kitufe cha kuongea. "Bibi, shikamoo! Niko Kigongo!"

"Marahaba. Mbona unakatikakatika? Umeipima hiyo?"

Niliongea mfululizo, nikamweleza ziwa, upepo, foleni ya magari, hata redio ilipoanza kunichoma vidole. Mara harufu ya plastiki, kisha kimya. Nguvu ambazo antena ilishindwa kuzitoa zilikuwa zimerudi ndani ya redio na kuiunguza.

Hazikupita dakika mbili, simu yangu ya mkononi ikaita. Alikuwa yeye. Nikaitazama hadi ikakata. Ikaita tena. Ya tatu, nikaizima kabisa.

Siku ile sikutulia. Niliifungua redio, nikaifunga, nikatoka nje, nikarudi, nikaifungua tena. Nikajiambia nitamweleza nikishaitengeneza. Aibu, mwanangu, haina mahali pa kukaa.

Kesho yake mchana mlango ukagongwa. Bibi Nyangeta, kanga imelowa hadi kiunoni, ameegemea fremu. Ziwa lilikuwa limechafuka, na safari nzima alikuwa akitapika.

"Shikamoo, Bibi."

Alinishika mabega, akanigeuza, akanitazama mikono na kichwa. Ndipo akaketi.

"Ulikatika katikati ya neno," alisema. "Nikajua gari limekuingiza ziwani. Simu nayo imezimwa. Nimeuliza madereva, nimeuliza hospitali."

Nikamletea redio, machozi yananitoka. "Nimeiunguza, Bibi. Nisamehe."

Aliisukuma pembeni, akafungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na shuka jeupe, jipya, limekunjwa.

"Mimi nimekuja na sanda," akasema, "wewe unanionyesha redio?"

Redio ilitengenezwa baada ya miezi, nikaigharamia. Lakini lile shuka nimeliona kila siku tangu hapo, na mvi hizi zote zimenikuta nalo.

Basi nisikilize. Mwalimu wako akisema subiri, muulize sababu, kisha usubiri. Na ukiharibu cha watu, maana utaharibu, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Mficha uchi hazai. Wanaokupenda watakusamehe hasara, ila usiwaache wakuomboleze ungali hai.

Mungu akujalie wa kukutafuta, mwanangu, na akupe moyo wa kupatikana.