Bamba la Shaba la Posa

Ulikuwa mwaka ule wa sima ya manjano, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulipokula unga wa mahindi ya msaada. Wakubwa tuliila tumenuna, watoto wakaiita keki. Ndio mwaka kijana mmoja, fundi wa vyuma, alipoleta posa ya binti yangu, kitinda mimba wangu, na mume wangu akakataa kumjibu.

Mume wangu alikuwa amestaafu Kilindini, umri wake wote ameumaliza kwenye injini za meli. Kwake yeye, mwanamume asiyejua kuchonga ni mzigo tu. Akampa kijana bamba la shaba, nene kama biskuti, alirudishe Ijumaa baada ya Alasiri kingo zake zote zimeviringwa. Yeye atalipitishia kilemba chake cha hariri, kile cha arusi yetu. Uzi mmoja ukinaswa, posa imekwisha.

Binti yangu hakulia. Aliacha kula, na hilo lilinitisha zaidi, maana katika ukoo wetu hata msibani hatuachi kula.

Jumatano nikajifunika buibui, nikabakisha macho, nikabeba bakuli la mbaazi za nazi mpaka karakana ya yule kijana, chumba kimoja tu huko Mji wa Kale. Mama mkwe kumfuata mkwe kazini, tena posa haijajibiwa, ni aibu ya kulisha baraza zote za mtaa kwa mwezi mzima. Nilijua, nikaenda.

Kijana hakunitambua. "Karibu mama. Una kisu cha kunoa?"

"Nina binti wa kuozesha."

Spana ikamponyoka.

Mashine yake haikuzidi cherehani yangu kwa ukubwa. Kisu husimama wima kikazunguka, bamba likapitishwa ubavuni mwake. Alikuwa na visu vitatu, vyote meno yamebonyea, kila kimoja kikila ukingo huacha mviringo wa kipimo chake. Mimi sijui namba za visu, nilivipima kwa vya jikoni: mmoja punje ya mchele, wa pili kunde, wa tatu njugu mawe. Naye alishachagua njugu mawe. Eti mzee auone mviringo tangu mlangoni.

Nikamwambia ajaribu kwanza kwenye kipande kingine cha unene uleule. Mashine ikatetemeka hata bakuli langu likatembea mezani. Akaviringa upande wa juu, akageuza, akaviringa wa chini. Mikato miwili ilipokutana katikati pakabaki mgongo mkali kama panga. Mimi shule niliisikia kengele tu, lakini kofia nashona. Nikatoa uzi wangu, nikaupitisha pale. Ukakatika.

"Mwanangu, kitumbua ukikiuma kwa tamaa juu, ukakiuma kwa tamaa chini, katikati hubaki nini?"

Akafikiri. "Makali."

"Basi punguza tamaa."

Akafunga kisu cha kunde. Mashine ikatulia kidogo, lakini mgongo ulikuwapo bado. Kile cha mchele alikishika kwa shingo upande, akanung'unika kwamba mviringo wake mzee hatauona. Nikamwambia mzee mwenyewe siku hizi humsalimia mbuzi akidhani ni jirani, ataupapasa, hatautazama. Akakifunga. Mara ya kwanza alikishusha kupita kiasi, kikaacha kingazi, kidato chembamba ukingoni. Akakipandisha unywele mmoja, akakata kidogo, akarudia kidogo. Katikati pakabaki utepe bapa, laini. Uzi wangu ukapita juu, chini na pembeni, kama unapita kwenye samli.

Kabla ya kuondoka nikamwagiza: ukiulizwa, sikuja. Akasema hawezi kumwongopea mzee. Nikamjibu kwamba kukohoa hakujaharamishwa.

Ijumaa mume wangu akapitisha kilemba polepole. Akafumba macho, akarudia. Nami nilikuwa nyuma ya pazia na binti yangu, kanikamata mkono hata damu haipiti. Hakuna uzi ulionaswa.

"Kwa nini ulichagua kisu kidogo?" mzee akauliza.

"Kikubwa kina tamaa, mzee."

Mume wangu akageuza shingo taratibu akalitazama pazia. Neno hilo la tamaa alikuwa amelisikia kwangu kila alipoongeza samaki wa pili. Akamuuliza kijana nani kamfundisha, na kijana akakohoa kikohozi cha kuita tabibu. Basi posa ikakubaliwa. Leo nina wajukuu wanne wa ndoa ile, wote vidole vya dhahabu, na wa kwanza hutengeneza mashine kubwa kuliko nyumba yangu.

Usiku ule mume wangu akanikalisha kitako. "Apa kwamba hukwenda kwa yule kijana."

"Siapi kwa ajili ya kipande cha shaba."

Akangoja siku ya arusi, mbele ya dada zake, biriani ikiwa mdomoni, akaniambia tena niape.

"Siapi kwa ajili ya kipande cha shaba."