Neno Nililokataa Kufuta

Miaka michache baada ya uhuru, nikiwa darasa la saba karibu na Karatina, nilikuta kwenye kamusi neno refu la Kiingereza: pulchritudinous. Maana yake ni mrembo, ingawa ukilisikia utadhani ni ugonjwa. Tulipoandika insha kuhusu mama zetu, nikalitumia.

Mwalimu aliisoma kwa sauti, akacheka. "Mama yako si ndiye yule wa kabeji sokoni, miguu imepasuka?"

"Ndiye, mwalimu."

"Basi futa. Hilo ni neno la mamemsabu wa Kizungu. Andika mama ni mchapa kazi."

Darasa zima liliangua kicheko. Sikufuta. "Kamusi haikusema ni la nani," nikamjibu.

Nilichapwa viboko vitatu. Jioni nilimsomea mama insha ile na kumweleza kila kitu.

Asubuhi tuliongozana hadi darasani, yeye na aproni yake ya sokoni. "Mwalimu," akasema, "mtoto hajakosea. Ni yeye anayeniona kila siku, si wewe."

Kisha akageuka, akaenda kuuza kabeji zake.