Siku Niliyokalia Mikono Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu Nyamizi, mama aliniamuru nikalie mikono yangu mwenyewe, nami nikaikalia mpaka ikafa ganzi. Siku hiyo ilinirudia Jumapili iliyopita kwako, nilipokuona unamnyang'anya binti yako Asha kifimbo cha kusukumia chapati: "Lete huku, unaniharibia!" Dada yake akacheka. Nilikula chapati zako, za duara kweli, nikaaga nikaondoka. Sasa nakwambia.

Tulikaa Tura, nyuma kidogo ya stesheni. Mama alikuwa amejifungua mjomba wako Shabani, arobaini yake haijatimia, na viazi vitamu vya msimu vimeshachimbwa, vimejaa jikoni. Viazi havina habari na mzazi anayepumzika. Vinachemshwa, vinamenywa, vinakatwa vipande na kuanikwa juu ya mwamba mpaka vikauke. Ndiyo matobolwa hayo unayopenda kutafuna na chai. Ukikata nene, nje panakauka na ndani panabaki pabichi, baada ya muda kapu zima linaota ukungu. Ukikata nyembamba mno, yanavunjikavunjika. Unene wake kidole ndicho kinachoujua, na kidole kinafundishwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama akanipa kazi mbili kutoka kitandani kwake: nikate matobolwa, na nimfundishe Zaina, mdogo wangu wa miaka minane.

"Mwakani wewe utakuwa Tabora kwa shangazi yako, unasoma," akaniambia. "Asipojua huyu, mimi na huyu mchanga tutabaki na nani?"

Mimi nilikuwa na mkono mwepesi, tena nilijijua. Majirani walinisifu mpaka kichwa kikanivimba. Zaina, maskini, akishika kiazi cha moto anakitupa, akishika kisu kinakwenda upande. Kipande chake cha kwanza kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni. Nikampokonya kisu. "Nenda kacheze, nitakuita." Sikumwita. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu hakusogea kabisa, alikaa mbali akifukuza kuku.

Kila jioni mama akimaliza kunyonyesha aliniuliza, "Mwenzio anaendeleaje?"

"Anaweza, mama. Anakata vizuri."

Uongo mtupu, mwanangu. Lakini wala haukunikosesha raha. Kazi ilikuwa inakwenda, mwamba umejaa, mama ametulia, nami nilijihesabu mtoto mwema kuliko wote wa Tura.

Siku ya tano mama alitoka nje kwa mara ya kwanza, Shabani amefungwa kifuani, akatembea polepole hadi mwambani. Akaokota tobolwa moja, akaokota la pili, la tatu, akayapanga kiganjani. Yalikuwa sawasawa kama yametoka kiwandani. Nikasimama nikisubiri sifa zangu.

"Haya yote ni mkono mmoja," akasema. "Ya Zaina yako wapi?"

Aliyejibu ni Zaina, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Mimi siwezi, mama. Mimi sina mikono ya kazi. Dada amesema."

Wallahi sikuwa nimesema maneno hayo. Ila nilikuwa nimempokonya kisu, na mtoto aliyasikia humo. Uso wa mama ulibadilika nikatamani anichape tu yaishe. Hakunichapa. Alinionyesha mkeka.

"Kaa hapo. Ikalie mikono yako. Usiitoe mpaka mwenzio amalize chungu hiki."

Akampa Zaina kisu, akakaa pembeni kunyonyesha. Nisikufiche, yalikuwa mateso. Zaina akakata la kwanza, nene. La pili likapasuka. Kiazi kimoja kikamponyoka kikaviringika mpaka kwa kuku. Mikono ilikuwa inaniwasha chini ya mapaja. Nikafungua mdomo, mama akaniangalia, nikaufunga.

"Unayakumbuka matobolwa yako ya kwanza?" akaniuliza.

Sikuyakumbuka. Nilidhani nimezaliwa nayajua.

"Nusu kapu liliota ukungu. Baba yako akachambua yaliyopona, akayala mwezi mzima, akisema hajapata kula matamu kama yale. Wewe ukamwamini, ukaendelea kukata."

Hapo ndipo nililia. Sikulia kwa ganzi, nililia kwa aibu, na kidogo kwa kumpenda baba.

Chungu kilipofika nusu, Zaina aliacha kumtazama mama usoni kila akikata. Ncha ya ulimi ilimtoka pembeni ya mdomo, na mpaka leo akishughulika inamtoka. Vipande bado vilikuwa vibaya, lakini alikuwa amesahau kuogopa. Mama hakuyachanganya yale manene na ya kapuni. Tuliyala wiki ile ile na karanga, nami nikayala mengi kuliko wote, maana kusema kweli yalikuwa laini ndani.

Msimu uliofuata nikiwa Tabora, nililetewa kapu kwa treni. Nililigeuza mara mbili nikitafuta mkono wa mama. Haukuwemo. Lote lilikuwa la Zaina.

Huyo ndiye mama yako mdogo wa Isikizya, ambaye matobolwa yake mnayagombania. Kila mwaka ananitumia kapu, na kila mwaka juu kabisa anaweka moja nene kama sabuni, kalikata makusudi. Nami kila mwaka nampigia simu: "Zaina, hili moja umelikosea." Anacheka mpaka anakohoa.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtoto akikosea kazi, mwache akosee mbele yako, tena kaa naye. Chapati iliyopinda ile, uisifu kwa dhati, wala usimpokonye kilicho mkononi kwa sababu tu wewe una haraka. Na huyo mkubwa mfundishe kumsubiri mdogo wake, kwa kuwa mimi na wewe tutaondoka, wao watabaki wawili. Mungu akupe subira ya mama yangu na tumbo la baba yangu. Wanao wapendane mpaka uzee wao uwe wa kutaniana.

Lile nene la mwaka huu sijalila. Nimelifunga kwenye kitambaa, nitakuja nalo Jumapili. Mpe Asha alitafune huku anasukuma chapati, na wewe nitakutandikia mkeka.