Maji Kwanza

Nilipoanza kazi ya kutunza stoo ya dawa katika shamba moja la kahawa juu ya Karatu, pale ambapo mistari ya mwisho ya kahawa inapakana na msitu wa Ngorongoro, nilihisi kama nimehamia ndani ya wingu. Kila asubuhi ukungu uliteremka kutoka msituni taratibu. Ulifuta kwanza miti ya mbali, halafu ya karibu, mwisho viatu vyangu mwenyewe. Watu walinijia wakiwa sauti kabla hawajawa watu.

Wapulizaji dawa ndio waliokuwa wa kwanza kufika. Kazi yangu ilikuwa kuwapimia dawa na kuhakikisha kila mmoja amevaa: ovaroli, gambuti, glovu ndefu, barakoa yenye vichujio mashavuni, miwani ya plastiki. Kabla ya kutoa chochote nilisema maneno niliyofundishwa. Usile, usivute sigara, usijifute uso. Upepo uwe mgongoni kwako. Dawa haihamishiwi kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Palipopuliziwa pawekwe bendera nyekundu, na asiingie mtu mpaka iondolewe. Na dawa ikikupata mwilini, maji kwanza, mengine baadaye. Niliyasema mpaka yakawa kama sala, nao wakaitikia, "Tumesikia, dada," kwa sauti zilizozibwa, kana kwamba wanaongea kutoka chini ya ziwa.

Mmoja wao alikuwa mrefu kuliko wenzake, kijana wa Kimaasai kutoka nyanda za juu huko hifadhini. Ng'ombe wa baba yake aliwaachia kaka zake, akashuka kutafuta kazi. Kila siku alikuja stoo akiwa amevaa tayari, na jioni mimi nilikuwa nikiondoka kabla hajamaliza kuoga, kwa hiyo kwa muda mrefu sikuujua uso wake. Nilijua macho na mwendo tu. Siku moja sokoni kijana mmoja alinisalimia, "Habari za stoo, dada?" Nikaitikia nzuri, nikaendelea kuchagua nyanya. Alipokwisha kupotea katikati ya watu ndipo nilipoitambua sauti, na nyanya zikanishinda kuchagua.

Siku ya ajali ukungu ulikuwa mzito mpaka majani yalikuwa yakidondosha maji kama mvua. Alikuwa anachanganya dawa kwenye sakafu ya saruji karibu na tangi la maji. Miwani yake ilijaa mvuke, haoni. Akaipandisha kwenye paji la uso, kidogo tu, ili aone mdomo wa dumu anapolifungua. Dawa ikamrukia jichoni.

Hakupiga kelele. Nilisikia dumu likianguka, kisha nikamsikia akisema kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Dada, sioni."

Nilikuwa na glovu mkononi. Nikamshika bega, nikampeleka kwenye bomba la maji, nikamwinamisha kichwa upande ili maji yatoke upande wa pua kwenda nje, yasiingie jicho la pili. Alijaribu kufumba. Nikalifungua jicho kwa vidole.

"Usifumbe."

"Linaungua, dada. Linaungua sana."

"Najua. Usifumbe. Niongeleshe."

"Nikuambie nini?"

Kwetu sisi Wairaqw, mtu akiwa na uchungu tunamtajia nyumbani. Nikamwambia, "Ng'ombe wa baba yako. Nitajie mmoja mmoja."

Akaanza, maji yakimpita usoni. Kulikuwa na jike jekundu mwenye paji jeupe, aliyependa kutangulia. Kulikuwa na wa rangi ya majivu ambaye pembe yake moja ilishuka chini, asiyekunywa maji mpaka wenzake wamalize. Kulikuwa na mweusi aliyezaliwa siku ya baridi kali, wakamlaza ndani karibu na moto pamoja na watoto. Aliwataja, na mimi nikaona, au nikadhani naona, migongo yao ikipita kwenye ukungu nyuma ya tangi, mmoja baada ya mwingine, bila sauti ya kwato. Sijui tulikaa hapo muda gani. Vidole vyangu vilikufa ganzi.

Msimamizi wa shamba alitokea anakimbia. "Tumpakie garini, twende!"

"Bado, baba. Maji kwanza."

Alitutazama, akashusha pumzi. "Sawa. Endelea. Mimi naleta gari hapahapa." Alirudi na gari, na shuka safi, na lile dumu lililomwagika ndani ya mfuko wa nailoni, ili daktari asome lebo. Tulimvua ovaroli, tukamfunga shuka. Njiani kuteremka mjini ukungu uliachia ghafla, jua likatupiga usoni, naye akauliza, "Kumepambazuka?" Nikamkinga jua kwa ncha ya shuka.

Daktari alisoma lebo, akalichunguza jicho kwa taa yake ndogo. Kisha akasema maji ndiyo yaliyoliokoa. Lilifungwa bandeji. Nilikwenda kumwona baada ya kazi, nikamkuta amekaa kwenye benchi uani hospitalini, na kwa mara ya kwanza niliutazama kwa utulivu uso wake nikijua ni wake, ingawa nusu yake ilikuwa imefunikwa. Alikuwa na mwanya. Alicheka mpaka nikaona haya.

"Kumbe unafanana hivi," nikasema.

"Umenikataa?"

"Sijasema."

Jicho lilipona, ila mchana wa jua kali linatoa machozi. Shamba lilileta miwani ya aina nyingine, isiyoshika mvuke, na mahali pa kuchanganyia dawa pakahamishiwa penye mwanga zaidi. Mwaka uliofuata tulioana. Wazee wa pande zote mbili waliongea siku nzima, kila upande ukiwa na lugha yake, Kiswahili kikiwa katikati kama mgeni wa wote.

Bado anapulizia dawa. Ovaroli inabaki shambani, naye huoga hukohuko. Hata hivyo akifika nyumbani huoga tena kabla hajagusa chochote. Binti yetu ameshajifunza. Jioni humkimbilia baba yake, halafu husimama ghafla hatua chache kabla ya kumfikia, mikono ikiwa wazi.

"Baba, umeoga?"

"Bado, mama."

Naye hubaki amesimama hivyohivyo uani, mikono haishushi, mpaka baba yake atoke bafuni.